Magharibi ya Saa Tatu na Nusu Usiku

Hapa Unguja jua halijawahi kuzama saa tatu na nusu usiku. Halikuzama saa hiyo kwa babu yangu, na halitazama kwa mjukuu wangu.

Kwa hiyo nilipoisoma karatasi ya Yussuf, nilijua kwa yakini kwamba yule mtu ana jambo analificha.

Ngojeni nianze vizuri, maana kisa hiki mnakijua nusu, na hiyo nusu mnayoijua ni ya uongo.

Mie ni katibu wa klabu ya taarab, mjini hapahapa. Sipigi chombo chochote, nnaandika barua tu. Mwaka jana tukapata mwaliko wa tamasha Leipzig, Ujerumani. Wiki nzima mwezi wa Juni, watu wanane, gharama zote juu yao.

Barua ya dhamana nikaitia saini mie. Wanane wanakwenda, wanane wanarudi. Akizamia mmoja tu, klabu haialikwi tena, na jina langu limekwisha.

Basi usingizi ukaniruka. Kila nikimtazama mtu usoni nnajiuliza, huyu atarudi huyu?

Bi Sichana, mwimbaji wetu na mwenyekiti wetu, akasema siku zisizo na onyesho watu watembezwe miji ya karibu. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Kazi ya kupanga akampa Yussuf, mpiga fidla.

Yussuf akaifanya kwa bidii iliyonitia wasiwasi. Kila siku yuko barazani nje ya klabu na simu yake. Mara treni ya Dresden, mara Weimar, mara Halle. Anaongea na mtu wa huko kwa sauti ya chini, na akiniona tu anakata. Au mie niliona hivyo.

"Unaongea na nani?" nikamuuliza siku moja.

"Mzanzibari mmoja anakaa kule. Ananielekeza njia."

Njia! Njia ya kwenda wapi?

Aliyeniletea ile karatasi ni Himid, ndugu wa mke wangu. Himid naye anapiga fidla, lakini hamfikii Yussuf, kwa hiyo alikuwa nje ya orodha. Alikuja nyumbani Jumamosi baada ya Alasiri, akaiweka mbele ya kikombe changu cha chai.

"Shemeji, mie sitaki fitina," akasema. "Nimeiokota klabu, ni ya Yussuf. Soma mwenyewe."

Nikasoma. "Dresden. Treni saa 2:30 asubuhi. Magharibi saa 3:28 usiku. Isha saa 5:40. Alfajiri saa 8:30."

Nikasoma tena.

"Magharibi saa tatu na nusu? Magharibi gani hiyo?"

"Ndo hapo sasa," Himid akasema. "Hizo si sala, shemeji. Hizo saa za miadi. Saa tatu anapokewa, saa tano anavushwa, alfajiri yuko nchi nyengine."

Wallahi iliniingia akilini yote. Mtu anajificha nyuma ya sala, jamani!

Orodha ya majina ilikuwa iende Jumatatu. Ningeweza kumwita Yussuf nikamuuliza uso kwa uso. Sikumwita. Niliona nikimuuliza atatunga uongo mwengine.

Nikamfuta. Pahala pake nikamwandika Himid.

Bi Sichana alipohoji, nikamwambia nna ushahidi. Yussuf alipohoji, nikamjibu kwa mkato, "Kamati imeamua." Kamati gani? Kamati ilikuwa mie na kikombe cha chai.

"Miaka kumi na moja nnapiga hapa, Katibu," akasema. Akaondoka na fidla yake kwapani, na mie sikumwonea huruma hata chembe.

Jioni ile nikaandika kwenye grupu la mtaa: "Jihadharini na watu wanaotumia klabu ili wazamie Ulaya." Jina sikutaja. Lakini nani alihitaji jina? Aliyeachwa alikuwa mmoja tu.

Wakaondoka wanane.

Siku ya pili asubuhi Bi Sichana akanitumia picha. Wamesimama kwenye uwanja, jua linawaka, Himid kavaa miwani nyeusi. Chini kaandika: "Muhiddin mwanangu, huku maajabu. Picha hii ya jana, saa tatu usiku! Magharibi hata haijaingia. Kiangazi chao jua halitaki kulala."

Uji ulinipalia.

Kumbe zilikuwa sala kweli. Yussuf alikuwa akiwapangia wenzake wajue wapi waswali, treni isije ikawapitisha wakati.

Nikajiambia, basi, nitamwomba radhi kimyakimya. Kwenye grupu sikuandika kitu. Niliona haya.

Siku ya tano Bi Sichana akapiga simu.

"Himid hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Jana tulikwenda Dresden. Kasema anakwenda kununua maji. Tumemngoja mpaka treni ikatuacha, simu kaizima. Polisi washaambiwa. Muhiddin, shemejio kaingia mitini."

Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni. Akakaa chini palepale sakafuni.

Nikaitoa ile karatasi. Safari hii nikaigeuza. Nyuma sikuwahi kutazama.

Yussuf alikuwa kaandika treni za kurudi, mji kwa mji, na treni ya akiba pindi ya kwanza ikiwapita. Chini ya kila mji karejea maneno yaleyale: "Kabla ya kupanda tuhesabiane. Wanane."

Anayetaka kukimbia haandiki hivyo.

Walirudi saba. Barua ikaja kwamba klabu yetu haialikwi tena. Nikenda Mwanakwerekwe, kwenye kibanda cha Yussuf anapouza vipuri vya baskeli, nikamwambia yote bila ya kuficha.

"Nshakusamehe, Katibu," akasema, huku anafuta mnyororo kwa tambara. "Mie mtu mzima. Lakini Khairat wangu ana miaka tisa, na skuli wanamwita mtoto wa mzamiaji. Wanamuuliza baba yake anatoroka lini. Yeye utamwomba radhi vipi?"

Nikarudi nyumbani nalia, mtu mzima mie.

Nililojifunza ni hili: ukimshuku mtu, mwanzo mfuate yeye umuulize. Mie nilimwambia kila mtu isipokuwa mwenyewe, na niliyemwamini ndiye aliyekuwa akiitaka nafasi yake.

Kwa hiyo leo nnaandika na majina nnataja. Mie ni Muhiddin, katibu. Yussuf mpiga fidla hakutaka kuzamia. Aliyezamia ni shemeji yangu, na aliyempa nafasi ni mie.

Ile ya mwanzo mliisambaza mtaa mzima kwa siku moja. Tafadhalini, isambazeni na hii, mpaka ifike skuli.