Mapanga ya Mvule, Upepo Mlegevu

Niliporudi Izigo kutoka vitani nilikuwa nimeziona ndege za kivita kwa karibu, na hilo ndilo lililoniharibu. Nilifundisha useremala katika shule ya misheni, lakini kukaa kitako sikuweza. Mke wangu, akiwa na mimba yetu ya kwanza, alishuka bondeni kuchota maji mara tatu kwa siku, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Nikamwahidi kwamba kabla ya mtoto kuzaliwa nitajenga mtambo wa upepo, usukume maji ya chemchemi kwa bomba hadi uani.

Bomba na pampu kuukuu nilivitoa Bukoba. Mapanga ya kuzungushwa na upepo juu ya mnara nilichonga mwenyewe, matatu, ya mvule, manene mbele na membamba nyuma, kama bawa la ndege nililowahi kulipapasa. Nikayapiga msasa mpaka yakang'aa. Majirani walikuja kuyatazama, nami nikavimba kichwa. Sisi Wahaya tunataniwa kwa majivuno, na siku ile sikuwa na cha kujitetea.

Hayakuzunguka. Upepo wetu wa ziwani ni mlegevu, uliyatikisa, ukayaacha. Nikabadili pembe, nikachonga upya, nikachonga tena. Mtoto akazaliwa, akafuata wa pili. Niliinuka kwenye chakula, ebitoke, ndizi zetu za kupika, bado mdomoni, kwenda kuona kama majani ya mgomba yanacheza. Masika ya mwaka wa pili mke wangu aliteleza na mtungi, na goti lake halikurudi kuwa sawa.

Yeye alinishauri mapema. Alikuwa akipepea moto kwa kipande cha debe kilichopinda, akauliza kwa nini nisitumie bati jembamba kama lile, maana linakamata hewa. Nilimjibu kwamba ndege haitengenezwi kwa debe la mafuta ya taa. Hakurudia tena.

Mwaka wa tatu, kwa kukata tamaa tu, niliwasha majani makavu ya mgomba chini ya mnara nikaangalia moshi. Kwenye panga la mvule ulipanda kidogo, ukabanduka, ukavurugika nyuma yake. Nikashika bati lililopinda, moshi ukaambaa mgongoni mwake mpaka ukingoni. Unene ule ulifaa kasi ya ndege, si panga dogo katika upepo wa polepole. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikakata madebe, nikayapinda kidogo, nikafunga mapanga manane. Siku ya tatu asubuhi yakazunguka, pampu ikaanza kulalamika, na maji yakafika uani, membamba lakini bila kukatika.

Mke wangu akakinga kiganja. Nakiri kwamba nilisubiri sifa. Aliyaonja maji, kisha akaniuliza nimetumia siku ngapi kuyatengeneza hayo ya bati. Nikamwambia mbili.

"Waitu," akasema kwa neno letu la heshima, "siku mbili tu?"