Tangazo Lililoishia Kanisani

Andongwisye, baba yangu mdogo, alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu huku Masukulu kwa miaka kumi na mitano, na muda wote huo alikuwa pia mzee wa kanisa. Alivaa kofia zote mbili kwa pamoja na hakuna aliyemwambia avue moja.

Kuitisha mkutano wa kijiji kulikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Mvua haiishi, na watu wako kwenye chai na parachichi. Kanisani Jumapili walikuwa wamejaa tayari, tena wametulia. Basi baada ya matangazo ya kwaya na ndoa, mchungaji alimpisha, naye akasoma ya serikali: chanjo, barabara, mbolea ya ruzuku. Serikali haina dini. Mimi ni mwalimu, nafundisha hivyo. Nilikaa benchi la tatu nikisikiliza miaka yote hiyo, nisione kasoro. Hilo linaniuma mpaka leo.

Hamis, jirani yetu Mwislamu, ana duka na shamba. Habari za kijiji alizidokezwa na wateja, na nyingi zilimfikia. Ile ya wapimaji wa ardhi haikumfikia. Tangazo lilisema kila mwenye shamba asimame mpakani kwake Jumanne, apimiwe kwa ajili ya hati. Jumanne hiyo Hamis alikuwa Tukuyu mjini akifuata bidhaa. Lugano, anayepakana naye, akawaonyesha wapimaji mpaka anaoutaka yeye, na baba mdogo akatia sahihi bila kwenda kuangalia. Kipande kilichohamia kwa Lugano ni kidogo, migomba kumi na moja tu. Lakini katikati ya migomba hiyo amezikwa Asia, mke wa Hamis.

Hati zilipotoka, Hamis alikuja nyumbani kwa baba mdogo, nami nikiwepo. Hakupandisha sauti.

"Nilitangaza, ndugu yangu," baba mdogo alimwambia.

"Ulitangazia wapi, Mwenyekiti?"

Nilimwonea baba mdogo huruma, na hasira pia.

Alihangaika, sitamnyima haki yake. Alikwenda halmashauri mara nne, akaambiwa sahihi ni yake na muda wa pingamizi umeshapita. Akampigia Lugano magoti, mtu mzima yule. Lugano akajibu kwamba hati ni hati. Mwisho alimrudia Hamis, akamwuliza amfanyie nini.

"Jumapili nitangazie huko huko," Hamis akasema. "Lugano asikie mbele ya watu kwamba naomba njia ya kwenda kumpalilia mke wangu."

Baba mdogo alilisoma ombi hilo baada ya tangazo la kwaya. Lugano akasimama, akasema Hamis apite tu, yeye hana neno. Kanisa zima likampigia makofi kwa wema wake. Na mimi nikapiga.