Kiti cha Mbele ya Moto

Mume wangu, Hedley Alderson, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu bondeni humu wanaovuka barabara wakimwona, na mimi mwenyewe ziko siku nimetamani kummwagia birika la chai kichwani. Mbishi ni mbishi, na kichwa chake ni kigumu kuliko mawe aliyokuwa akijengea. Lakini mbaya, hapana.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa kuta za mawe, zile zinazopanda milima yetu kutenga kondoo wa huyu na wa yule. Ila watu hawakumjua kwa kuta. Walimjua kwa Kitabu cha Mabuti. Chama cha watembea milimani hukitoa kila mwaka majani yakianza kupukutika, kijitabu cha kuingia mfukoni, na ndani yake kila mkahawa wa mashambani umepewa mabuti, kuanzia moja hadi matano, kwa jinsi unavyowapokea waendao kwa miguu, wakwea majabali na waendesha baiskeli. Hedley ndiye aliyepima upande wetu wote, na chini ya kila mkahawa aliandika sentensi moja. Wengi walinunua kitabu kwa ajili ya sentensi zile. Kuna mkahawa mmoja aliuandikia, "Supu ni ya jana, na jana nayo haikuwa nzuri." Vijana wa baiskeli waliisoma hiyo kwa sauti, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye mkahawa hakucheka.

Alikuwa na masharti yake. Hapimi mkahawa siku ya jua ng'o. Anangoja mvua, mvua ya kweli, anazunguka milimani na mbwa wetu Fettle, kisha anaingia ameloa chapachapa, mabuti yamejaa tope, kofia ya koti imemfunika uso.

"Mtu mkavu kila mtu anampenda, Avril," alikuwa akiniambia. "Mimi nataka kujua nani anampenda mtu aliyelowa."

Basi akiingia anatazama. Je, watamfukuza mbwa? Watamlazimisha avue mabuti? Chai italetwa kwenye kikombe cha kidoli, au kwenye kikombe cha mtu aliyeshuka mlimani? Maji moto ya kuongezea yatakuja bila kuomba? Na kubwa kuliko yote, atasogezwa karibu na moto?

Hilo la moto najua lilikotoka, maana nilikuwepo. Tulikuwa wachumba. Mvua ilitukuta juu kabisa ya mlima Hollin, tukashuka natetemeka, meno yanagongana, tukaingia mkahawa mmoja wa mjini. Mbele ya moto palikuwa na meza tupu, na juu yake kadi iliyoandikwa "imehifadhiwa". Hedley akaomba nikae pale kidogo tu, nikauke. Mama mwenye mkahawa akamkagua kuanzia kofia mpaka mabuti, akasema, "Hapo ni pa wageni, kijana." Chai yetu tuliinywa tumesimama mlangoni. Punde wakaja watu wametoka kwenye gari, wakavu kama biskuti, wakakaribishwa kwenye meza ile. Hasira ya siku ile Hedley hakuwahi kuimaliza, aliigeuza tu kuwa kazi.

Mtoto tunaye mmoja, Bryony. Amefanya kazi kwenye majiko ya watu tangu amalize shule, akiota jiko lake mwenyewe. Mwishowe alikodi zizi la kondoo la zamani kule mwisho wa bonde, chini ya jabali wanakokwea vijana na kando ya njia ambayo wenye baiskeli huipanda wakihema. Akaliezeka, akalipaka chokaa, akajenga meko, akaanza kuoka. Keki yake ya matunda, na kipande cha jibini juu kama tunavyokula huku, ilikuwa inamnyamazisha hata Hedley.

Lakini kule hapafikiwi kwa bahati. Hakuna mji, hakuna kituo cha basi. Mtu anafika kwa sababu Kitabu cha Mabuti kimemwambia afike, na chini ya mabuti matatu hakuna anayejisumbua. Bryony alijua, nami nilijua, kwamba asipopata mabuti yake mwaka ule, majira ya baridi yatamfungia mlango.

"Baba, njoo siku ya kufungua," alimwomba, hapahapa jikoni kwangu. "Usipime. Njoo ule keki tu, uwe baba wa mtu."

"Nikija mkavu nitakuwa nimeshaona, siwezi tena kupima kwa haki. Nitakuja siku ya mvua, kama ninavyokwenda kwa wengine."

"Basi mwachie mwenzako wa chama aupime," nikadakia. "Kwani lazima wewe?"

"Ili waseme Hedley kaogopa kumpima mwanawe? Avril, akipata matano kwangu mimi, nani atasema ni upendeleo? Wananijua."

Na hapo ndipo panaponiumiza hadi leo. Alitaka kumpa matano. Alitaka kumpa kwa haki, mbele ya watu wote, mtu asipate la kusema. Tangu siku ile akapiga marufuku habari za mkahawa wa Bryony nyumbani mwetu. Nikitaja tu neno keki, anatoka nje kwenda kumtazama mbwa.

Bryony naye alikuwa na siri yake. Tulikwenda pamoja kwenye mnada wa vitu vya zamani kumtafutia baba yake kiti. Hedley ana nyonga mbovu, matunda ya kuinua mawe, na kiti kifupi akishakikalia kutoka ni kazi. Tulijaribu viti vyote pale, mimi nikikaa na kusimama kama mwendawazimu, mpaka tukapata kimoja kirefu, chenye mgongo ulionyooka na mikono imara ya kujiinulia. Bryony akakiweka mbele ya moto wa mkahawa wake, na juu yake kikadi: kimehifadhiwa.

"Usimwambie," alinionya. "Nataka akione mwenyewe."

"Mwanangu, watu wakijaa si uwaache wakae?"

"Akishakaa yeye, Mama, baada ya hapo hata kondoo na akae. Lakini yeye kwanza."

Kikadi kile nilikiona kila nilipokwenda, na moyo wangu ulikuwa unafurahi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Sasa mvua ikagoma. Sisi, watu wa huku, tunaooza kwa mvua miaka nenda miaka rudi, mwaka ule tukapata kiangazi cha ajabu. Nyasi zilikauka, kijito kikabaki mawe matupu. Kila asubuhi Hedley alisimama mlangoni kuangalia mawingu, mkono kiunoni, akinung'unika. Waendao kwa miguu walipita, wakila, wakimsifu Bryony. Baba yake, hata harufu.

"Mwambie Baba asijisumbue tena," Bryony aliniambia siku moja huku akikung'uta unga mikononi. "Nimeelewa."

"Umeelewa nini wewe? Anakuja. Anangoja mvua."

"Watu wana baba, Mama. Mimi nina hakimu."

Mvua ilikuja mwisho kabisa, kitabu kikikaribia kwenda kuchapwa. Ilikuwa Jumamosi. Ilimwagika kana kwamba inalipiza. Hedley alivaa koti huku anapiga mluzi, na huyo ni mtu asiyepiga mluzi. Nikajua. Alichagua Jumamosi kwa makusudi, kwa kuwa siku hiyo Bryony hushuka mjini kuchukua unga na maziwa, na masharti ni masharti: mwenye mkahawa asimjue.

Aliyekuwa zamu ni Maxine, mama mmoja wa mjini aliyekuwa akimsaidia Bryony, mtu mwema, ambaye Hedley hakuwahi kumwona. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye, akilia. Mzee akaingia anachuruzika maji. Maxine akamkaribisha vizuri, akampa Fettle bakuli la maji na taulo kuukuu, hakugusa habari za mabuti. Mkahawa ulikuwa umejaa watu waliokimbia mvua. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye moto na kushika mkono wa kile kiti.

"Samahani, mzee, hapo hapakaliwi."

"Pana nani?"

"Hata mimi sijui. Bosi kasema asikae mtu. Kuna mtu wake maalumu."

"Mtu wake maalumu," mzee akarudia.

Maxine anasema alikiangalia kile kikadi muda mrefu. Kisha akaichukua chai yake, akainywa amesimama mlangoni, akashukuru na kwenda zake.

Nyumbani alifika macho mekundu. Hakula. Nilipomuuliza alisema tu, "Usiniulize, Avril." Na mimi, mjinga wa watu, nikadhani amekalia kiti chake. Nikadhani ni machozi ya furaha. Mabuti aliyotoa hakuwahi kumwambia mtu kabla ya kitabu kutoka, hata mimi mkewe, kwa hiyo sikumsumbua. Nilimpashia supu yake, nikalala nikiwa na raha moyoni.

Kitabu kilipotoka, Bryony ndiye aliyekileta. Aliingia bila kubisha hodi, akasimama ng'ambo ya meza bila kuvua koti, akakifungua.

"Mabuti mawili," akasema. Halafu akasoma, sauti imetulia kabisa: "Chai nzuri, keki nzuri kuliko zote bondeni, na mbele ya moto kiti kitupu kinachomngoja mtu bora kuliko wewe."

Nikaweka birika mezani.

"Ulikuwa mkali kuliko siku zote, Baba. Watu watacheka sana."

"Niliandika nilichokiona," Hedley akasema, lakini taratibu. "Sikukulea uwawekee wakubwa viti, na watu wamelowa wamesimama. Mama yako aliwahi kusimamishwa mlangoni hivyohivyo."

"Mtu bora ni wewe, Baba. Kiti kilikuwa chako. Kwa ajili ya nyonga yako. Muulize Mama, tulikinunua pamoja. Tangu siku ya kufungua hakuna aliyekikalia. Kilikuwa kinakungoja wewe."

Hedley akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Nimemwona akimzika mama yake, nimemwona akianguka kutoka ukutani na kuvunjika mfupa, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alifumbua mdomo mara kadhaa. Bryony alingoja. Aliyekuwa akingoja pale alikuwa mtoto wake, na maneno mawili tu yangetosha, na yule mwanamume, anayeandika sentensi nchi nzima ikacheka, hakupata hata moja. Bryony akakiacha kitabu mezani na kuondoka.

Hedley aliwapigia simu chama usiku uleule, kesho yake mchana akawapigia tena. Walimhurumia, lakini kitabu kilikuwa kimeshaenda madukani. Alikwenda kugonga kule zizini, mvua ikimnyeshea, na Bryony alimfungulia na kumpa chai kwa adabu, kama anavyompa mgeni yeyote. Alimwomba mwanawe radhi, naamini hivyo. Lakini hakukaribishwa kukaa, naye hakukaa. Wenye baiskeli waliendelea kupita moja kwa moja wakiteremka, wengine wakiitania sentensi ile. Theluji ilipoanza, Bryony alizima moto. Sasa yuko Kanada, anapika kwenye jiko la watu. Mimi hunipigia. Akijua baba yake yuko karibu, huuliza habari za mbwa tu.

Kabla ya kuondoka alikishusha kiti hapa kwetu, kwa gari la Clem, jirani yetu mfuga kondoo. Hakuacha neno lolote nacho. Hedley alikiweka mbele ya moto wetu na hajawahi kukikalia. Kitabu pia ameacha. Wapime wengine.

Juzi mvua ilikuwa kubwa, Clem akaingia kutoka kutafuta kondoo, amelowa mpaka mifupa, midomo ya bluu. Nikampa chai, nikamwambia, "Sogea kwenye moto, Clem, kaa." Mkono wake ulikuwa umeshagusa kiti.

"Hapo usikae," Hedley akasema kutoka dirishani. "Ni pa Bryony."

Nilimtazama mume wangu, nikasubiri asikie mwenyewe alichosema. Alikuwa ameshageukia tena dirisha, anaangalia barabara. Clem, mtu wa heshima, akarudi nyuma taratibu, akainywa chai yake amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye sakafu yangu.