Maji Aliyoyatema Zulfa

Béatha hakuwa mtu wa kuamini kitu hivi hivi. Akinunua maziwa pale mtaani Biryogo, sharti muuzaji anywe kwanza. Akialikwa mahali, soda yake aifungue mwenyewe. Msimcheke. Mwaka ule wa 1992 Kigali nzima ilikuwa ikitazamana kwa pembe ya jicho, na hata bila hayo, desturi ni desturi: anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, akameza, nawe umwone. Yeye aliizidisha tu.

Jumapili moja ya Ramadhani, mvua za Machi zikimwagika, bintiye Natacha, wa mwaka mmoja, aliharisha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Macho yalimzama, midomo ikakauka, akawa analia machozi hayatoki. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa. Béatha alimpa maji matupu. Yaliingia juu yakatokea chini. Mtoto alikuwa anamponyoka mikononi, na alijua.

Ndipo Zulfa, jirani wa ukuta mmoja aliyewahi kuwa msaidizi wa wauguzi, akaingia na jagi mkononi. Aliingia bila kuitwa, na hilo peke yake lilimtia Béatha wasiwasi.

"Mama Natacha, haya maji nimechemsha, lita moja. Sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko."

"Chumvi ya kazi gani kwa mtoto?"

"Utumbo iko na ukuta, umejengwa na vyumba vidogo sana, macho hayavioni. Chumvi na sukari zikija pamoja, vinazifungulia mlango. Zikishaingia, maji yanazifuata. Bila hizo, maji mengi yanapita tu, yanakwenda zake."

Béatha alisikiliza huku akimvuta mtoto kifuani. Kitu kinachojipenyeza mwilini na maji yakakifuata? Sumu nayo si hufanya vivyo hivyo?

"Onja kwanza," akasema.

Zulfa alichovya kijiko, akagusisha ulimi, kisha akatema nje ya mlango. "Haijapita machozi kwa chumvi. Iko sawa."

Ametema! Béatha aliona kwa macho yake mawili. Alinyakua jagi akalimwaga uani.

"Wewe mwenyewe unaitema, mtoto yangu ndiyo aimeze?"

"Nimefunga, mama. Nimepima chumvi tu."

Sababu nzuri hiyo, aliwaza Béatha. Mwezi mzima mtu anaweza kugawa anachotaka bila kukimeza. Akamwambia atoke. Kisha akachota maji yake mwenyewe, sukari yake, na konzi nzima ya chumvi.

"Konzi!" Zulfa alipiga kelele kutoka mlangoni. "Utamkausha! Chumvi ikizidi ndani ya utumbo, maji ya mwili yanatoka kuifuata. Kabichi ukiinyunyizia chumvi haitoi maji?"

Mkono wa Béatha ulisimama hewani. Kabichi aliijua. Miaka yote ameikamua kwa chumvi, ikilegea na kujaza bakuli maji bila mtu kuyatia. Alimtazama Natacha, ngozi ya tumbo imekunjamana, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Changanya wewe," akasema. "Lakini umeze."

Zulfa alitazama nje. Magharibi ilikuwa mbali. Alichanganya, akajaza glasi, akanywa mpaka chini. Na aibu yenyewe ni hii: hata hapo Béatha alingoja, akimkazia macho aone kama ataanguka. Zulfa hakuanguka. Alimpakata mtoto, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko.

Jua lilipokuwa linazama, Natacha alikojoa, mara ya kwanza tangu asubuhi, akamlowesha Zulfa mapaja yote. Zulfa alicheka kwa sauti. Béatha alileta kitambaa, akapiga magoti kumfuta.

"Nisamehe. Nimekuharibia mfungo."

"Nitalipa siku nyingine. Lakini niambie ukweli, Mama Natacha: kama ningeapa mara mia, bila kumeza, ungeniamini?"

Béatha alitamani kusema ndiyo. Alimwangalia mwanawe, ambaye sasa alikuwa anavuta kijiko kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Ningemwacha afe."

Akalia mpaka Zulfa akamshika bega.