Mama wa Padri Anapita na Kapu

Majina ya wote waliokuwamo ukumbini siku ile ninayo, hata ya watoto waliokaa sakafuni, ila nayaacha. Wengine hawakupenda kutajwa tangu walipovuka ziwa.

Miaka ile ya wakimbizi, parokia yetu ilikuwa na padri Mzungu, mzaliwa wa kisiwa cha huko bahari ya Mediterania. Kila Jumapili mchana, baada ya misa, aliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi akatuonyesha sinema. Ilikuwa moja tu, hiyo hiyo, iliyopigwa kijijini kwao. Mwanamume kaibiwa mbuzi, anazunguka kisiwa kizima akimtafuta. Mawe matupu. Tukawa tunaulizana, hawa wanalima wapi?

Padri mwenyewe hakumjali mbuzi. Wapiga sinema waliwaomba wanakijiji wapite njiani, na mmoja aliyepita, kapu mkononi, alikuwa mama yake. Alikuwa ameshafariki, na picha nyingine ya mama yake akitembea Padri hakuwa nayo. "Huyo," anatuambia, na ameshapita.

Kwangu, mtaani Rusimbi, alikaa mama mmoja mkimbizi wa Kirundi. Alikuwa amemwacha mama yake mzazi ng'ambo ya ziwa, hajui yu hai au la. Siku ya kwanza nilipokwenda naye, mama wa Padri alipotokea, mwenzangu akasimama.

"Padri, hebu simamisha mashine. Mama wa mtu anapita, sisi tumekaa tu kama magogo?"

"Ni picha tu, mama."

"Picha ya nani?"

Padri akasimamisha. Mama yule akaganda, mguu mmoja juu. Ukumbi mzima tukainuka, huku shikamoo, kule mwiriwe, salamu ya Kirundi. Mwenzangu ndiyo kwanza anaanza: habari za nyumbani, za shamba, za watoto, akamwambia mwanao hapa anakula, ugali anaumaliza. Padri akawa anacheka. Kwetu salamu haikatwi katikati, na hatukujua taa ya mashine ina moto wa namna ile. Doa la kahawia likaingia kwenye kapu, likapanuka, mama akayeyuka tunamwona.

Padri alizima mashine, akautoa utepe, akautazama mlangoni penye mwanga. Mwenzangu alikaa chini, khanga mdomoni.

Jumapili iliyofuata aligoma kwenda. Padri akamfuata mwenyewe nyumbani, akaja naye. Alikuwa ameukata utepe palipoungua, akauunga. Sinema ikaanza, mama akatokea kwenye kona, hatua mbili, mara yuko mlangoni kwake anaingia.

"Eh, leo ana haraka," mwenzangu akasema.

Padri alicheka mpaka akashika ukuta. Akairudisha nyuma. "Msalimieni akiwa anatembea," akasema.

Basi mwenzangu akaanza kusalimia mapema, mbuzi bado anatafutwa, ili awahi kumaliza. Hakuwahi. Alipofika kwenye habari za watoto, mama alikuwa ameshaingia ndani, na Padri ndiye aliyeitikia.