Mwezi wa Sita wa Baba

Nimesoma hadi chuo kikuu, nimewafundisha wengine, lakini mpaka leo mtu akiniambia "mwezi wa sita" huwa namuuliza kwanza: wa nani? Nilianza tabia hiyo nyumbani Kang'ata, kwa hasara.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kidogo cha ualimu Korogwe, nikitamani kuhamia chuo kikubwa. Huko walipokea wahamiaji kwa sharti moja: kabla ya kuomba, uwe umefaulu aljebra. Maombi yalifungwa Novemba. Chuoni kwetu aljebra ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka, katika likizo ya Juni. Ukiikosa Juni hiyo, Novemba huna cha kupeleka. Ukingoja Juni ya pili, chuo chenyewe unakimaliza, na hakuna tena cha kuhama.

Kwa kuwa ilikuwa likizo, mzazi alitakiwa atie sahihi kwamba ameridhia mwanawe abaki. Fomu ifike ofisini kabla ya Juni mosi. Mimi, bingwa wa kupanga mambo mapema, niliituma nyumbani Machi, pamoja na barua ya herufi za Kiarabu, maana ndizo baba alizosoma. Niliandika: "Masomo yanaanza mwezi wa sita. Naomba sahihi yako kabla ya hapo." Kisha nikatulia, nikawa nawapa mawaidha wenzangu waliokuwa bado hawajaandika.

Aprili ikapita kimya. Mei ikaingia, na katikati yake Ramadhani. Kimya. Zilipobaki siku tano, karani wa ofisi aliniambia bila kuinua kichwa, "Una kila kitu, bwana mdogo, isipokuwa baba."

Nilipata lori la bidhaa la Handeni, nikapanda juu ya magunia ya chumvi na saumu yangu. Lilikwama matopeni mara mbili. Kutoka Handeni nikatembea, na alasiri ya siku ya pili nikafika nyumbani. Baba alikuwa kakaa barazani, mguu umefungwa kitambaa. Jembe lilikuwa limemkata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimefuata fomu."

"Ipo ndani ya msahafu, haijaoza. Mbona unaikimbilia? Mwezi wa sita bado. Hata wa kwanza haujaandama."

Hapo nikakumbuka. Wazee wetu huhesabu miezi kuanzia kufungua: Ramadhani ikiisha ndio Mfungo Mosi, na wa sita ni mwezi wa Maulidi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Miezi michache ya kalenda ya ukutani Korogwe ilitosha kunisahaulisha.

"Baba, nilisema wa sita wa Kizungu. Unaanza baada ya siku tatu."

"Basi ungeandika Juni."

"Niliandika Kiswahili."

"Nami nilisoma Kiswahili."

Jikoni mama alikohoa kikohozi kisicho cha kifua.

Lakini baba hakucheka. "Niliridhia kwa sababu ya Maulidi," alisema. "Maulidi mahindi yako darini. Juni bado yako shambani, nguruwe nao wako shambani, na mimi niko hapa na mguu huu. Hizo hesabu zako haziwezi kungoja mahindi?"

"Haziwezi. Mwakani hazitanifaa kitu."

"Mahindi nayo hayajui kungoja."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mkaidi, si na mtu mwenye haki. Tukakaa hivyo, yeye akitazama shamba, mimi nikitazama jua, ambalo siku hiyo halikutaka kabisa kuzama.

Mama ndiye aliyeleta uji wa futari, na maneno. "Mahindi yakiliwa, mwakani tutapanda mengine," alisema. "Huyu anasema yeye mwakani hapandiki."

"Mmekuwa wawili," baba akasema.

Alikunywa uji taratibu, akaswali, kisha akaomba kalamu. Alipomaliza kuandika hakunipa fomu, alimpa mama. "Mwambie mjomba wake aje na watu," alisema. "Na aje na mkuki."

Nilirudi Korogwe siku ya mwisho kabisa. Karani, mtu wa milimani Vugiri asiyejua herufi za Kiarabu, aliigeuza fomu juu chini. Sahihi ya Kiarabu, na pembeni tarehe ya Ramadhani.

"Hii tarehe gani?"

"Ya juzi."

"Juzi ya nani?"

"Mei, bwana," nikasema. "Mei, Mei." Nafikiri nililitamka kama mtu anayetoa shahada. Akaitazama kalenda, akavitazama viatu vyangu vya matope, akagonga muhuri.

Juni nzima nilitafuta thamani ya herufi ambazo hazikuliwa na mnyama yeyote. Nilifaulu, kwa alama ambazo sitazitaja. Novemba nikatuma maombi, na wiki ileile nikaenda nyumbani kwa Maulidi. Nilipoinua macho darini niliona mahindi hayafiki nusu ya miaka mingine. Hakuna aliyeyataja, nami sikuuliza.

Baba alikuja akichechemea, akakaa kando yangu.

"Haya," alisema, "mwezi wa sita huu. Nenda kasome."