Mishororo Sita Niliyoimeza

Juu ya meza yangu katika chumba cha walimu kuna kifuniko kikuukuu cha nyuzi zilizosukwa, ukubwa wake kama kikombe. Wenzangu wamekifanya mahali pa kuwekea kalamu, nami nimechoka kugombana nao. Lakini chumba kikibaki kitupu mimi huzimwaga kalamu zao mezani, nikakigeuza, nikakitia pua. Bado kinanuka, jamani. Kinanuka moshi na maziwa ya ngamia, na nikivuta pumzi mara ya pili napata shali ya Ayeeyo. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali chetu, na huyu wangu alikuwa mama wa mama yangu.

Nafundisha ushairi katika shule ya wasichana hapa Garissa. Kila mwaka tukifika kwenye jazanda nawauliza wanafunzi washairi huwakilisha hasira kwa kitu gani, na darasa zima hunijibu kwa sauti moja: moto! Wivu? Nyoka! Chuki? Sumu! Nawapa alama zao, maana mtihani hauna ubishi, lakini moyoni namsikia Ayeeyo akisonya. Alikuwa akisema moto na nyoka ni maneno ya watunzi wavivu. Hata mtoto anayetambaa anajua kwamba moto unachoma, sasa wewe mtunzi umetuambia nini?

Tuliishi mtaa wa Galbet, hapa hapa Garissa. Ayeeyo alikuwa mtunzi wa buraanbur, yale mashairi ya wanawake yanayoimbwa arusini kwa makofi na ngoma, na wanawake wa mtaa walimwogopa kidogo. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kukasirika, mwenye tabia ya kuficha tende ndani ya mto kisha kutulaumu sisi watoto zikiisha. Hakujua kusoma wala kuandika. Mashairi yake yote aliyaweka kichwani, na ugomvi wake wote pia.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulihusu dhiil. Hicho ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikakazwa hadi hakivuji hata tone. Kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa. Unatumbukiza kaa la moto ndani, unafunika, unatikisa, unamwaga. Hapo maziwa hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na hupata ile ladha ya moshi ambayo wageni hukunja uso wakiionja na sisi hatuwezi kuishi bila hiyo. Shida ni kwamba kaa likisahauliwa ndani, chombo huungua kutokea tumboni. Kwa nje huoni kitu mpaka kitoboke.

Mama yake Ayeeyo alisuka dhiil moja nzuri sana akawaachia binti zake wawili, Ayeeyo na mdogo wake Hawa, aliyeolewa Habaswein. Hawa ndiye aliyekuwa akiitunza. Siku moja wageni walimjia ghafla, akatia kaa, akakimbilia wageni, akasahau. Habari ilipofika Galbet, Ayeeyo alisimama katikati ya ua, majirani wakimwona, akaapa kwamba siku atakapokufa, mikono ya Hawa isimguse wakati wa kuoshwa. Kwetu hayo si maneno ya mchezo. Dada kunyimwa kumwosha dada yake ni kuambiwa kwamba hakuwahi kuwa ndugu. Mama yangu alilia mchana kutwa. Miaka minne ikapita bila hata salamu, na nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja neno dhiil. Maziwa tukawa tunayaweka kwenye mtungi wa plastiki, yakichacha tunanyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi mjukuu wa Hawa alipoolewa. Mama alikwenda arusini akanichukua mimi. Ayeeyo alikataa kwenda, ila wiki moja kabla ya safari aliniita kwenye zizi la mbuzi, akafunga kijilango, akaniambia nina kazi. Nilikuwa na kichwa chepesi cha kuhifadhi; mwalimu wa chuo cha Kurani alinisifu mbele ya watu, na Ayeeyo hakusahau sifa iliyomfaa. Akanifundisha shairi, mshororo mmoja baada ya mwingine, kila alasiri, mbuzi wakinitafuna pindo la gauni. Mishororo ilikuwa kumi na minane. Kisomali chake kilikuwa cha zamani na maneno mengi sikuyajua. Nilipouliza maana alinijibu kwamba nimetumwa kubeba, sikutumwa kufungua.

Siku hizo watu walitumiana mashairi kwa kanda, na mjomba wangu alikuwa na simu ya mkononi aliyoivalisha mfuko wa ngozi. Ayeeyo hakutaka kanda wala simu. Kanda yake moja iliwahi kupigwa katika hoteli ya chai, madereva wakacheka, naye hakusamehe hoteli ile. "Mashine haina haya," alisema. "Anayesema maneno yangu lazima auone uso wa anayeambiwa."

Akanifundisha na adabu ya kazi yenyewe. Mbeba shairi humtaja mwenye shairi kwanza. Haongezi neno, hapunguzi neno. Akimaliza hunyamaza.

Asubuhi ya safari alitusindikiza hadi kwenye basi. Dereva hakuwa Msomali, kwa hiyo Ayeeyo alimwamrisha kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Dereva, wewe enda bole bole. Hii mtoto nabeba kitu kubwa sana kichwa yake." Dereva aliniangalia kichwani, akaona hijabu tu, akaangalia tena. "Sawa, mama," akasema, na kwa kweli alikwenda polepole hadi abiria wakalalamika.

Ayeeyo Hawa nilimpenda papo hapo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Nilitarajia mtu mkavu, mwenye macho mabaya. Nikakuta mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabega, akanipaka hina mwenyewe, vidole vyote kumi, akinipulizia ikauke na kuniuliza habari za kila mtu wa nyumbani. Kila mtu isipokuwa mmoja. Mwishoni kabisa, bila kuniangalia, aliuliza, "Na magoti yake? Bado yanamsumbua wakati wa baridi?"

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, wanawake walijaa chumba cha bibi arusi. Udi ulifukizwa hadi macho yakaniwasha. Mama akanisukuma mbele kwa fahari. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia shairi lile, alijua tu kwamba mama yake ametuma kitu, na alitumaini ni heri. Nikamtaja Ayeeyo kwa jina lake na la baba yake. Nikaanza.

*Kuna kupe katika nyumba ya mama yetu. Kupe hana kelele. Hushika kiwele akanywa, na ngamia akikonda watu hulaumu jua.* Hivyo ndivyo ninavyoweza kuyaleta kwa Kiswahili, ingawa mapigo yake yamebaki huko. Kisha kulikuwa na ngamia aliyekataa kupiga magoti apakiwe mizigo. Kambi ikahama, naye akabaki peke yake na shingo yake ndefu. Leo nasimama darasani na kueleza bila kukwama kwamba kupe yule ni wivu na ngamia yule ni kiburi. Siku ile nilichojua ni kwamba wote wawili ni wabaya, na kwamba wanawake wote mle ndani walikuwa wamegeuka kumtazama Ayeeyo Hawa.

Alikuwa amekaa mkekani. Kila mshororo ulipotoka kinywani mwangu uso wake ulizidi kuporomoka, mpaka akavuta shali akaziba mdomo. Nilikuwa nimefika mshororo wa kumi na mbili. Ilibaki sita, na hiyo sita nilikuwa nikiiogopa tangu zizini, kwa sababu humo ndimo lilimokuwa lile neno lisilotajwa kwetu. *Wewe uliunguza dhiil.* Maneno ya kandokando yake sikuyaelewa vizuri, lakini hilo nililielewa. Nikaangalia vidole vyangu vya hina. Nikasema moyoni, huyu mama nimeshampiga vya kutosha.

Nikaimeza ile sita, nikanyamaza.

"Imeisha?" Ayeeyo Hawa akauliza kwa sauti ndogo.

"Imeisha."

Mama alinishika mkono akanitoa nje, na njia nzima ya kurudi Garissa hakusema nami. Mimi nilijiona nimetenda wema. Nilijisifu hadi basi likaingia mjini.

Ayeeyo alikuwa mlangoni akingoja, amevaa shali yake nzuri ambayo huivaa Idi tu. Hakumsalimu hata mama. "Ulisema yote?" aliniuliza.

"Nilisema yote."

"Akajibu nini?"

"Hakusema kitu."

Aliingia ndani akaivua ile shali na kuikunja. Tangu siku hiyo Ayeeyo alibadilika. Hakutusimanga, hakuficha tende. Gari lolote likipiga honi barabarani aliinua kichwa, akakirudisha. Jirani alipomletea umbea alimwambia ana usingizi. Na ile mishororo sita niliyoimeza haikukubali kukaa tumboni. Ilinijia nikiwa nachota maji, ilinijia katikati ya hesabu, ikanijia hata kwenye swala hadi nikasahau nimefikisha rakaa ya ngapi. Nilitaka kusema ukweli. Nilikuwa nikifika mlangoni pake, naiona ile shali iliyokunjwa, narudi.

Siku ya kumi na moja Ayeeyo Hawa alitokea langoni. Alikuwa na mtungi wa maziwa mkono mmoja na kifurushi cha kitambaa mkono wa pili, vumbi la njia nzima usoni mwake. Alitoa salamu. Ayeeyo alijibu, maana salamu ni lazima ijibiwe, lakini hakunyanyuka kwenye kiti.

"Nimefuata shairi langu," Hawa akasema.

"Shairi ulipelekewa."

"Nilipelekewa nusu. Abaayo, dada yangu, tangu tukiwa wasichana hujawahi kumaliza shairi bila kumtaja mama. Hili halikumtaja mama. Nimekaa nalo siku nyingi, nimelia, nimekutukana, halafu nikasema hapana, dada yangu haachi chombo wazi. Ama amezeeka, ama huyu mtoto ameangusha kifuniko njiani."

Vichwa viwili vikanigeukia. Niliwahi kukimbizwa na ngamia mwenye hasira na sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nikaanza kulia, nikasema yote kwa fujo: hina, shali, neno lile la dhiil, huruma yangu. Nilingoja kofi. Ayeeyo alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Sema yaliyobaki," akaniambia.

Nikasimama katikati ya wale bibi wawili, makamasi yakinitoka, nikasema:

*Mama alitufundisha: kaa moja, tikisa, mwaga.*
*Kaa likikawia ndani halichagui pa kuunguza.*
*Wewe uliunguza dhiil mchana mmoja, ukalia.*
*Mimi nimeweka kaa kifuani miaka minne, nikaliita haki.*
*Aliyeunguza zaidi ni yupi, ewe mtoto wa mama?*
*Njoo unitikise, unimwage, kabla sijatoboka.*

Nilipofika kwenye kifua na kaa, Ayeeyo alifunika uso kwa viganja. Alikuwa ametunga maneno yale ili yasemwe mbali, Habaswein, yeye akiwa amekaa salama Galbet. Hakupanga kuwepo. Hawa aliweka mtungi chini, akamwendea, akamshika mabega yote mawili na kumtikisa. Alimtikisa kwelikweli, shali ikamdondoka. Mimi nikadhani wanapigana. Nikapiga kelele kumwita mama, mama akatoka mbio na mwiko mkononi, akawakuta ndugu wawili wamekumbatiana chini wanalia na kucheka, na mimi nimejificha kwa mbuzi.

Katika kile kifurushi kulikuwa na kifuniko cha dhiil ya mama yao, kitu pekee kilichosalimika ilipoungua. Walikinywea maziwa wakipokezana mpaka mtungi ukaisha. Kisha Ayeeyo akanipa mimi, kwa uso wa mtu anayetoa hukumu: "Kaa nacho. Siku nyingine ukitumwa kubeba kitu, ukifunike."

Nilichukua miaka mingi kufahamu nilichofanya. Mishororo kumi na miwili ya mwanzo haikusema kupe ni wa nani, wala ngamia ni yupi. Ayeeyo aliiacha wazi makusudi, ili mwishoni ajitaje mwenyewe. Mimi nilipoukata mwisho, kupe yule akamrukia aliyekuwa karibu. Baadaye mama alinieleza kitu ambacho Ayeeyo hakuwahi kukisema: kwamba mama yao, alipozeeka, alichagua kuishi kwa Hawa. Kupe alikuwa amening'inia hapo zamani, hata kabla dhiil haijaungua. Ndiyo maana sasa mwanafunzi akiniandikia kwamba hasira ni moto, nampa alama yake, kisha namuuliza moto huo uko katika kifua cha nani. Wengi hucheka. Wachache huirudisha karatasi kwenye dawati wakaanza upya, na hao ndio ninaowafundishia.

Ayeeyo alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Ayeeyo Hawa ameshakunja mikono ya gauni, maji yamepashwa moto kidogo, ananisubiri nimsaidie kubeba. Nilisimama mlangoni na ndoo, nikaiona mikono ile ile iliyonipaka hina ikimwosha dada yake taratibu, kuanzia upande wa kulia, na alipofika kwenye magoti akakawia.

Tulipotoka nje alikaa kwenye kile kiti cha Ayeeyo, mikono yake mitupu mapajani. Akaniangalia.

"Siku ile niliyokuja na mtungi," akauliza, "ulisema yote? Hakuna ulilobakiza?"

"Nilisema yote, Ayeeyo," nikamwambia, na mara hii ilikuwa kweli.